Mzee Abdulswamad Anastaafu na Vidole Vyake Vyote

Baada ya miaka thelathini na minne na ushee ya kufungua belo, kuchambua, kukunja, kusifia na kuuza nguo za baridi katika jiji lisilo na baridi, Mzee Abdulswamad anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026. Aliingia ghalani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mwezi Machi 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye nywele. Anatoka akiwa na tumbo, heshima na upara. Anatoka pia akiwa hai, na hilo ndilo tunalolisherehekea zaidi, maana Desemba iliyopita tulikaribia kumuaga kwa shughuli ya aina nyingine kabisa, ile ambayo mwenye shughuli hali pilau.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Seifu, wa upande wa kufungua belo. Waliosoma walikuwepo, wakaogopa. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kwa kueleza jambo hapa ghalani hakuna wa kunigusa, na Mzee mwenyewe analijua hilo. Ndiyo maana jana alinivuta pembeni akaniomba habari za mlimani nisiziandike. Nikamjibu, "Sawa, mzee wangu." Tuendelee.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufika kwetu: ghala la Bwana Bushiri linauza mitumba ya baridi tu. Makoti, majaketi, masweta, kofia za sufu, soksi nene kama mkate. Mpita njia anayetiririka jasho akiona lundo la majaketi limefika darini hudhani tumechanganyikiwa. Lakini wateja wetu hawavai hapa. Kuna wanaokwenda kula Krismasi kwao Marangu, Kibosho na Rombo. Kuna waliohamishiwa kazi kwenye baridi. Halafu kuna watu wa mlima wenyewe, waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro, hao wapagazi wenyewe kwa wenyewe huitana "wagumu", ambao hushuka hadi Kariakoo kununua kwa jumla.

Mzee alianzia kubeba belo kutoka kwenye gari. Baadaye akapewa kisu cha kukatia kamba, na hicho kwetu ni cheo, kwa sababu anayekata kamba ndiye wa kwanza kuona kilichomo. Haukupita muda mrefu akawa mkuu wa uchambuzi, na tangu hapo hakuna nguo iliyopanda rafuni bila kupita mikononi mwake. Mfunge kitambaa machoni, mpe koti, atakwambia kama ni pamba tupu, pamba ya kuchanganya au pamba haipo kabisa. Nimemjaribu mara nyingi tena kwa nia mbaya. Hajakosea hata siku moja.

Sheria yake ya uchambuzi tulimezeshwa wote siku ya kwanza ya kazi. Pamba nzito ni daraja la kwanza, inatundikwa mbele kwenye henga. Michanganyiko ni daraja la pili. Daraja la tatu ni yale masweta mepesi ya manyoya ya nailoni, yanayotoa cheche ukiyavua. Hayo aliyatupa sakafuni, kwenye lundo la nyuma karibu na choo. Na alikuwa na hoja, tusimwonee. Vaa sweta la namna ile utembee kutoka Msimbazi mpaka Mnazi Mmoja uone kama utafika. Pamba inapumua, alikuwa akisema, nailoni inakupika.

Lundo hilo la nyuma halikuwahi kulala. Wagumu walikuja, wakaliinamia, wakalizoa lote kwa bei ya lundo na kuondoka wakicheka. Mzee aliwaonea huruma. "Watoto wa watu hawa," alituambia, "wanapanda mlima na takataka." Siku nyingine aliwaongezea mawili matatu ya bure, kwa roho nzuri aliyonayo.

Sifa yake ya pili, na hapa ndipo Kariakoo ilipomjulia, ni utabiri wa hali ya hewa. Mtaani wanamwita Mzee Theluji, ingawa theluji yenyewe alikuwa ameiona kwenye kalenda ya ukutani tu. Mteja akitaja safari ya Kilimanjaro alipewa utabiri wa bure, atake asitake. Mzee alitoka mlangoni, akatazama anga la Mtaa wa Sikukuu, akafuta jasho shingoni, akarudi na jibu. Kanuni yake ilikuwa moja: mlima ni Dar iliyonyanyuliwa. Dar kukiwa na jua, juu nako kuna jua, ila jembamba. Dar kukinyesha, juu kuna manyunyu. Dar joto likizidi, basi theluji imeyeyuka, nenda na ndala.

Kuna kijana anaitwa Wilbert, wa ofisi moja kule Posta, aliyekuja Aprili moja miaka ya nyuma akitafuta nguo ya kwendea ukweni Marangu kujitambulisha. Masika ya Dar siku hizo yalikuwa yamepumzika kidogo, jua limetoka. Mzee akachungulia nje, akamuuzia suti nyepesi ya pamba, nyeupe, na kiatu chenye soli laini kama sabuni, vyote viwili vilivyoingia kwenye belo la baridi kwa kupotea njia. Marangu masika yalikuwa hayajasikia habari za kupumzika. Wilbert aliingia uani kwa wakwe akiteleza kwenye tope, akapita wageni wote waliokaa, akaenda kuishia mbele ya baba mkwe akiwa amepiga magoti bila kupanga. Wazee walisema kijana mwenye adabu kama huyo hawajamwona. Ndoa ipo, watoto watatu, na Mzee mpaka leo anajihesabu kuwa ndiye mshenga.

Aliyekuwa akiumia ni Winifrida, msimamizi wetu wa mauzo, mzaliwa wa hukohuko Marangu. Kila mwaka alimweleza upya. Machi mpaka Mei, alisema, wingu linakaa juu ya mlima kama mgeni asiyejua kuaga. Kibo, kilele kikuu, unaweza usiione wiki nzima, migomba inainama kwa maji, na wakati huohuo kule juu kabisa theluji inamwagika. Juni mpaka Agosti ndiyo baridi yenyewe. Huku chini kwenye migomba kuna ukungu na manyunyu, watoto wanakwenda shule wanatoa moshi mdomoni, lakini ukishauvuka msitu unakuta juu ni kukavu, jua kali, na maji yaliyolala kwenye ndoo yanaamka yameganda. Septemba na Oktoba ni vumbi. Kisha inakuja vuli ya Novemba na Desemba, ambayo ina unafiki: asubuhi Kibo imejianika yote, mchana ngurumo, na mvua inayokulowesha wewe Marangu ndiyo hiyohiyo inayoshuka juu ikiwa nyeupe. Januari na Februari anga inasafika, joto linarudi, na watalii wanajaa kwenye geti la kupandia mlima.

Tena hiyo ni hesabu ya miezi tu. Kuna hesabu ya kupanda. Siku moja, saa moja, Himo, chini kabisa, watu wanajipepea, Marangu wamevaa masweta, msituni wananyeshewa, juu ya msitu upepo unawakata masikio, na kileleni ni barafu. Halafu upande wa Rombo unaweza kukauka huku Machame wanahamisha kuku kwa sababu ya maji.

"Wini," Mzee alimjibu kila mara, "wewe umekuja Dar siku nyingi. Mambo yamebadilika huko."

"Mzee wangu, mlima haujahama!"

"Hujui wewe. Nenda kapange soksi."

Mwaka jana ilipofika zamu yake ya kuchagua zawadi ya kustaafu, maana hapa kwetu anayeondoka huchagua mwenyewe, tulijua atasema friji. Khalfani aliyekuwa mlinzi alichagua godoro na mpaka leo analisifia. Mzee akasimama, akakohoa, akasema anataka kupanda Kilimanjaro. Ameuza baridi maisha yake yote, lazima aishike theluji kwa mkono kabla hajaacha kazi.

Bwana Bushiri alimbembeleza. "Mzee, friji nayo ina theluji. Tena unaifungua ukiwa na msuli."

Alikataa. Na akachagua mwenyewe tarehe: wiki ya kwanza ya Desemba, kwa sababu Dar ilikuwa inachemka na kwa kanuni yake kule juu kungekuwa vuguvugu. Winifrida alimwambia vuli haijaisha. Akamwambia akapange soksi.

Bi Kuruthumu, mkewe, alikuja ghalani mwenyewe kutoka Buguruni, akasimama katikati yetu na mtandio wake begani. "Baba Ummy, nakwambia mbele ya mashahidi. Ukifia huko sifuati maiti kwenye barafu. Hitima yako nitaisoma hapahapa nyumbani, na wewe ubaki hukohuko na theluji yako." Mzee akacheka. Bi Kuruthumu hakucheka, na akamshika kidogo shati, akaliachia, akaenda zake.

Nguo za safari alijichagulia kwenye daraja la kwanza, pamba mtindo mmoja kuanzia fulana ya ndani, shati zito la mistari, suruali ya jinzi mpaka koti lenye bitana ya kitambaa laini. Juu ya yote akaweka jaketi la mvua aliloliazima. Akavaa vyote kwa pamoja, akasimama juani nje ya ghala kuvipima. Baada ya muda mfupi akashika ukuta. "Zinafanya kazi," akasema, nasi tukampepea kwa boksi.

Yaliyofuata nayaandika kama alivyotusimulia Tarsis, mwongoza watalii aliyempeleka, ambaye pia ni mteja wetu mkubwa wa lile lundo la nyuma. Toleo la Mzee mwenyewe lina chui ndani yake, nimeona tuliache.

Pale geti la Marangu, Tarsis alikagua begi kama anavyokagua la kila mgeni. Akamwambia, "Shikamoo tena, baba. Naomba hizi pamba zote tuziache hapa. Nitakupa za kwetu."

"Mangi," Mzee akajibu, kama Kariakoo wanavyomwita kila mtu wa Kilimanjaro, "nimeanza kukuuzia nguo hujaota ndevu. Leo ndiyo unanifundisha kuvaa?"

Ni mzee, ni mtu wa kuheshimiwa, na anatoka kwenye ghala linalomvisha. Tarsis akalifunga begi. Ila alimtupia jicho Aaron, mmoja wa wagumu wake, na Aaron akafunga nguo zake za akiba ndani ya mfuko wa nailoni, akaziongeza juu ya mzigo.

Msituni walinyeshewa. Jaketi la kuazima lilizuia mvua ya nje, lakini mtu wa Kariakoo akipanda kilima jasho lake si la kawaida, likamlowesha kutokea ndani. Walipofika vibanda vya Mandara alikuwa amelowa chapachapa. Akatundika nguo zake msumarini, na asubuhi akazikuta vilevile, maana kwenye ile hali ya hewa pamba haikauki, inakusubiri tu. Akazivaa. Zitakauka mwilini, alisema, kama ambavyo hukauka mwilini hapa kwetu mtu akinyeshewa kutoka sokoni mpaka kituo cha Fire.

Kituo kilichofuata, Horombo, alifurahi mno. Mawingu yalikuwa chini yake, yametandikwa kama sufi, na alikataa kuingia ndani kunywa chai. "Yaani kunanyesha chini yangu! Mimi nimekaa juu ya mvua!" Akawatabiria wageni wote waliokuwepo kwamba kesho ni jua tupu. Wagumu walimwitikia kwa adabu na kila mmoja akatoa kofia yake ya sufu begini, akaivaa.

Kesho yake walipokuwa wakivuka ile tambarare ndefu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo ukageuka na theluji ikaanza. Mzee alipata alichokifuata. Aliikinga kwa viganja, akaila, akaipaka usoni, akapigwa picha akiwa ameishika kama mtu aliyepewa kombe. Tarsis anasema alikuwa na furaha ya mtoto na yeye Tarsis akamwacha afurahi kidogo, huku anaitazama ile suruali ya jinzi ikibadilika rangi.

Ikaganda. Suruali ikawa inagonga kama mbao anapotembea, shati likasimama lenyewe. Na kisha Mzee akanyamaza. Hapo ndipo Tarsis alipoogopa, kwa sababu huyu ni mtu aliyezungumza bila kituo tangu getini. Walipomwita akaitika, lakini alimwambia Aaron afunge mlango vumbi la barabarani linaingia. Akaagiza belo la pili lifunguliwe, wateja wamejaa. Pale palikuwa na mawe na ukungu tu. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Baba, unafanya nini?"

"Joto, Mangi. Leo Dar kuna joto."

Tarsis ameshawaona watu wakifika hapo, na wengine hakuwarudisha. Hakubembeleza tena. Walimbeba hadi nyuma ya jiwe kubwa, wakamvua daraja la kwanza lote hadi ngozi, wakamvisha nguo za akiba za Aaron. Lilikuwa sweta la manyoya ya nailoni, rangi ya machungwa, na suruali ya kitambaa hichohicho kisichokunywa maji. Aaron akafungua koti lake mwenyewe, akaiingiza mikono ya Mzee kwapani mwake, mmoja huku mmoja kule, na kukaa naye vile huku Tarsis akimnywesha maji ya moto yenye sukari kijiko kwa kijiko. Vidole vya Mzee vilikuwa vimekuwa vyeupe, na akiguswa hasikii. Kileleni hawakwenda. Tarsis akapata mtandao kidogo, akaandika, "Theluji nzito. Mzee kazidiwa na baridi. Tunashuka." Halafu simu ikafa.

Ujumbe huo ulituingia Mtaa wa Sikukuu mchana wa jua kali, feni zote zimewashwa na hakuna hata moja inayosaidia. Wateja waliulizia bei, hakuna aliyewajibu. Winifrida alipiga simu kwao Marangu kumuuliza dada yake anaona nini, dada akasema haoni kitu, kuna wingu tu na mvua, mlima kama haupo. Bi Kuruthumu alikuja akakaa juu ya belo ambalo halijafunguliwa. Tukampa maji, akayashika mkononi mpaka yakapata moto. Nilitaka kusema utani, mimi ambaye sikosi utani, nikaukosa. Kitu kilichoniuma ni kwamba sote tulikuwa tunatokwa jasho na tunafikiria mtu anayekufa kwa baridi, na mwili ulikataa kabisa kuelewa.

Simu ililia kesho yake mchana. Winifrida aliipokea akaiweka sauti ya nje. Kulikuwa na mikwaruzo, kisha ile sauti.

"Jana mlifunga ghala, au mliliacha wazi mkaenda kulia?"

Jamani. Kelele iliyopigwa ilimtoa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara, akaja mbio akidhani tumevamiwa. Bwana Bushiri alikaa chini sakafuni na suruali yake ya kunyooshwa. Bi Kuruthumu, aliyekuwa amerudi tangu asubuhi, akainyang'anya simu.

"Baba Ummy, una vidole vingapi?"

"Kumi, mama."

"Hesabu nisikie."

Akahesabu. Alipofika saba akasita kidogo, kisha akaendelea. Bi Kuruthumu akamwambia arudie na vya miguu. Mzee alipomaliza vyote ndipo mama alipokunywa maji tuliyompa tena, yote kwa mkupuo, akajifuta na mtandio, akasema, "Sasa akirudi nitamuua mimi mwenyewe," na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka mpaka akaegemea belo.

Hospitalini Moshi walimweka siku chache. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivimba malengelenge na ngozi ikabanduka, lakini daktari alisema vitapona, na vimepona. Leo mkimpa mkono msiogope kubana.

Aliporudi ghalani hakusalimia mtu. Alipita mbele ya makoti ya pamba yaliyotundikwa vizuri kwenye henga, akaenda moja kwa moja nyuma, karibu na choo. Akainama kwenye lundo, akatoa sweta la nailoni, akalishika kwa mikono miwili, akalipapasa nje na ndani kama analikuta leo. Winifrida alikuwa amesimama nyuma yake na maneno ya miaka mingi yako tayari mdomoni. Badala yake akamletea stuli akae.

"Wini," akasema Mzee baadaye, "hawa vijana walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanakushukuru, mzee wangu. Kucheka ilikuwa nyongeza."

Habari ikamfikia Bwana Bushiri, na Bwana Bushiri ni mfanyabiashara, hilo si tusi. Akasema kama nailoni ndiyo inayookoa watu mlimani, basi sakafuni imekaa kimakosa: ipande kwenye henga, iwe daraja la kwanza, iuzwe bei ya daraja la kwanza. Kibiashara hakukosea. Mzee hakumjibu siku hiyo wala iliyofuata. Alikuwa anachambua belo zake za mwisho kimyakimya, na Mzee akinyamaza sasa sisi tunaingiwa na hofu, tukawa tunamchungulia kama amevaa vizuri.

Kisha akaenda ofisini. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa napita na belo, nikaamua kupita taratibu.

"Bwana Bushiri, nina ombi la kuondokea. Lile lundo lisipande. Libaki sakafuni, kwa bei ya lundo, kwa wagumu tu."

"Mzee, zawadi yako umeshaitumia. Tena umeitumia vibaya."

"Najua. Naomba nyingine."

"Unaniua kibiashara, Mzee."

"Wewe umeuawa wapi? Mimi ndiye niliyekuwa nakufa, na aliyenivika alikuwa na sweta moja la akiba. Ukilipandisha bei, mwakani atapanda bila hilo la akiba, na mzee mwingine mjinga kama mimi atakuwa njiani."

Bwana Bushiri akasema sawa, kwa sharti moja: kuanzia leo mpaka siku ya mwisho, Mzee asimtabirie hali ya hewa mteja yeyote ndani ya ghala lake. Wakashikana mikono. Nasikia Mzee amelitimiza sharti, isipokuwa mara moja, ambapo alimwambia dada mmoja aliyekuwa anakwenda Kibosho, "Muulize Winifrida." Huo ndio utabiri wake bora katika miaka yote.

Basi lundo liko palepale sakafuni. Tarsis na Aaron wamo humu ukumbini, meza ya pembeni kulia, wameshuka jana na asubuhi ya leo wamebeba mzigo wao kwa bei ileile. Mkiwaona wanajipepea kwa ratiba ya sherehe msiwacheke, hii Januari yetu kwao ni adhabu. Waongezeeni soda ya baridi.

Mzee Abdulswamad, kwa niaba ya ghala zima tunakushukuru. Umetufundisha kukata kamba bila kukata nguo, kumkaribisha anayeuliza bei tu kama anayenunua, na kutomdharau mteja anayeinama. Ulipokosea, ulikosea kwa sauti kubwa, na ulipojua, ulikwenda kurekebisha kabla hujaondoka. Nafasi yako ya uchambuzi anaichukua Winifrida, na kisu cha kamba nimepewa mimi, jambo ambalo wengi walilitarajia. Mungu akupe afya, usingizi mzito, wajukuu wasumbufu na maisha marefu ya kukaa chini bila kupanda popote.

Na wewe Bi Kuruthumu, mama yetu, asante kwa kutuazima mumeo muda wote huu. Tulichelewa kidogo kumrudisha, na njiani nusura tumpoteze. Leo tunakukabidhi mbele ya mashahidi, akiwa mzima, na mkavu.